SOMO: Kuandaa mazungumzo ya mtandaoni na vijana wa jamii za asili

Habari zenu wanachama. Somo la leo mmeliomba kwa muda. Mfano wangu ni Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya, kwa kuwa kesi yao dhidi ya Serikali kuhusu kufukuzwa msituni ina hati ambazo kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma mwenyewe.

Hatua ya 1: Shika swali moja.
"Vijana na dijitali" ni maneno ya bango, hayana pa kuanzia. Jaribu hili: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua nini kuhusu Waogiek, na kijana atamwelezaje nyanya yake? Hapo kuna kitu cha kushika. Hukumu ilitolewa Arusha tarehe 26 Mei 2017, na ile ya fidia ikafuata tarehe 23 Juni 2022: Serikali ya Kenya ilitakiwa kulipa shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu waliyopata. Kijana aliyezisoma tarakimu hizo mwenyewe hadanganyiki kirahisi na ujumbe wa kusambazwa.

Hatua ya 2: Anza kwa wazee.
Nenda, keti, eleza. Waulize yapi ya mila hayafai kurekodiwa. Usiwapelekee ratiba iliyokwisha kupangwa.

Hatua ya 3: Pima mtandao kabla ya kutangaza saa.
Kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mtandao ulishika ukisimama kando ya kisiki kimoja tu. Ukisogea hatua tano, umepotea. Kwa hiyo tumia sauti peke yake, video inamaliza bando. Panga vikundi vya vijana saba au wanane kwenye simu moja yenye spika, na saa iwe baada ya ng'ombe kukamuliwa.

Hatua ya 4: Zoezi la uandishi wa habari, wiki moja kabla.
Hapa msiharakishe. Kila kijana arekodi habari ya sekunde 90 kutoka kwao. Arekodi ndani ya nyumba yenye blanketi na nguo, maana chumba kitupu cha mabati kinarudisha mwangwi. Akiwa nje, aupe upepo mgongo. Kisha sikilizeni pamoja, sentensi baada ya sentensi, mkiuliza: hili umeliona au umelisikia?

Binti mmoja alileta habari kwamba daraja limebebwa na maji na "watoto wote hawaendi shule". Tukamuuliza amewaona wangapi. Akanyamaza, halafu akasema: sita, wa boma letu na la jirani. Akarekodi upya: "Watoto sita ninaowajua hawajavuka mto tangu Jumatatu." Chumba kizima kilitulia. Wote walisikia tofauti, wala sikuhitaji kueleza zaidi.

Hatua ya 5: Usalama.
Penye mgogoro wa ardhi, zimeni huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga picha. Sura za watoto zisionekane. Anayetoa ushahidi achague mwenyewe kama jina lake litajwe, na aulizwe tena siku ya pili, moyo ukiwa umetulia.

Hatua ya 6: Siku yenyewe.
Vijana waongee kwanza. Mgeni wa ofisini apewe dakika saba baada yao, ajibu aliyoyasikia. Mtu mmoja asimamie maiki, mwingine aandike maswali.

Hatua ya 7: Rudisha sauti nyumbani.
Ndani ya wiki, rekodi ifike kijijini kwenye memori kadi, kwa wasio na bando.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, vijana wetu wa Narok wanaelewa Kiswahili vizuri. Kwa nini tuweke mkalimani kwenye mazungumzo?
Jibu: Kuelewa ni jambo moja, kuuliza mbele za watu ni jingine. Ruhusu lugha ya nyumbani uone nani atafungua kinywa. Kwetu walikuwa wasichana.

Swali: Dada, tuwalipe wasemaji vijana?
Jibu: Ndiyo, sawa na mgeni wa ofisini. Bando litumwe siku moja kabla.

Swali: Mfadhili anataka tuzungumzie "ustahimilivu". Vijana hawalijui neno hilo.
Jibu: Liache kwenye barua ya mfadhili. Wala usimwombe kijana asimulie kilio chake ili wageni waguswe. Wameombwa hivyo mara nyingi mno na inawaumiza. Uliza: mlipoambiwa mhame, mlifanya nini kwanza? Kijana mmoja alinieleza mama yake alivyozika vyeti vya shule na vitambulisho ndani ya debe la unga kabla hajagusa kitu kingine. Kutokea hapo tuliongea saa nzima.

Swali: Kuna andiko la kuwaonyesha watu wa kaunti kwamba vijana wana haki ya chombo chao cha habari?
Jibu: Ibara ya 16 ya Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, la tarehe 13 Septemba 2007, inataja haki ya kuanzisha vyombo vyao kwa lugha zao. Ila Kenya haikulipigia kura ya ndiyo wala ya hapana, kwa hiyo usilitegemee peke yake. Ongeza Katiba ya 2010: Ibara ya 35 kuhusu kupata habari na ya 44 kuhusu lugha na utamaduni. Ziandike zote tatu kwenye ukurasa mmoja, chapa nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.