Kutaja mahali ulipo ili helikopta ikupate baharini

Mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi pale Feri, Dar es Salaam. Kijana akija kazini kwangu, kabla hajagusa nyavu namfundisha kutaja mahali tulipo. Rubani wa helikopta huingiza namba ulizompa kwenye GPS yake na kwenda hapohapo. Ukizikosea, atazunguka juu ya maji matupu huku mafuta yakimwishia.

Simu hupata mahali hata pasipo mtandao, maana inapokea setilaiti, si mnara. Shida iko kwenye kuandika. Simu nyingi zitakuonyesha -6.8083 na 39.4167, alama ya kutoa ikimaanisha kusini. GPS ya botini itasema nyuzi 6 dakika 48.5 kusini, nyuzi 39 dakika 25.0 mashariki. Ni mahali pamoja, mashariki mwa Kigamboni, maana nyuzi moja ina dakika 60. Injini ilituzimikia hapo msimu mmoja wa kusi. Kijana wangu akasoma GPS ya boti, akatuma 6.485 na 39.250, kana kwamba dakika ni desimali za nyuzi. Nukta hiyo ilitutupa kilomita 40 kaskazini, na waliotutafuta wakaenda huko. Tulilala baharini, tukigawana kidumu kimoja cha maji watu watano.

Tangu hapo nimeandika kwa chaki ubaoni, juu ya redio: NYUZI, DAKIKA, KUSINI, MASHARIKI. Yatamke maneno hayo yote kwenye redio, chaneli 16 ya dharura, kisha mwombe anayekusikia arudie. Asiporudia, hujapeleka ujumbe.

Taja na saa uliyosoma namba. Mkondo wa noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa, unakuhamisha karibu kilomita 4 kwa saa, na wakati wa kusi unakwenda kaskazini. Rubani akijua saa, atakadiria ulipofika. Lakini usiseme "saa nne" tu, mgeni ataelewa vingine. Sema saa nne asubuhi, yaani 10:00 ya Tanzania.

Kama una uwezo, nunua kitoa ishara cha megahezi 406, kinachoomba msaada kupitia setilaiti, ukisajili kwa jina la chombo. Kisiposajiliwa, anayepokea ishara hajui amtafute nani wala amuulize nani.

Helikopta ikishafika, tanga liwe chini na maturubai yamefungwa, upepo wake ni mkali. Ndoano ikishushwa, iache iguse maji kwanza kwa sababu ina umeme, ndipo uishike. Na kamba ile usiifunge kwenye boti kabisa, hata kwa dakika moja.