Mgonjwa wa glakoma akija analia na jicho, nesi ufanye nini

Glakoma ni ugonjwa wa jicho unaoharibu neva ya kuonea, na nyingi haiumi kabisa, inakula uoni polepole na mtu hana habari. Kwahiyo ukiona mgonjwa kashika jicho, kichwa kinamgonga upande huohuo, anatapika na anasema akitazama taa anaona duara za rangi, jua presha ya jicho imepanda ghafla. Kawaida ni milimita za zebaki 10 mpaka 21, huyu anaweza kufika 50 na kupita. Mulika tochi utaona jicho jekundu, konea (kioo cha mbele cha jicho) ina ukungu, mboni imetanuka na haishtuki. Wengine wanatibiwa tumbo kisa kutapika tu, huku jicho linakufa, inauma sana hii.

Daktari wa macho aitwe hapohapo. Dawa ya maumivu haya ni kushusha presha, parasetamoli peke yake haitoshi.

Wakati mnamsubiri, muulize maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10 uandike na saa. Mlaze chali, lenzi irudi nyuma kidogo. Jicho usilifunge bandeji, na usimzimie taa zote, najua mwanga unamchoma na huruma inakutuma umuwekee giza lakini gizani mboni inazidi kutanuka na njia ya maji ya jicho kutoka nje inazidi kubanwa, we punguza tu ule mwanga mkali.

Dawa zikishaandikwa, uliza kwanza kabla hujagusa chochote. Ana pumu au moyo unapiga taratibu? Timololi (matone ya kushusha presha ya jicho) hapana, mrudie daktari. Mzio wa salfa, figo mbovu, selimundu? Sema kabla ya asetazolamidi, nayo ni dawa ya kushusha presha ya jicho. Manitoli ya dripu, nayo ya kushusha presha hiyo, kwa mwenye moyo uliofeli ni hatari, na yeyote anayepewa mpimie mkojo. Matone yakiwa aina mbili acha dakika 5 katikati, na kila ukidondosha bana kona ya jicho upande wa pua kama dakika 2 hivi dawa isikimbilie mwilini. Pilokapini (matone ya kubana mboni) usiikimbilie, presha ikiwa juu sana msuli wa mboni hausikii, subiri daktari aseme. Kichefuchefu kitibiwe maana kutapika kunaongeza presha, ila promethazini, dawa mojawapo ya kichefuchefu, iepuke, inatanua mboni.

Na muongeleshe jamani, mtu anaogopa anapofuka, mwambie kila unachofanya, mwambie pia asetazolamidi itamfanya akojoe sana na vidole vifanye ganzi asije akashtuka.

Baada ya nusu saa muulize tena ile namba. Ikishuka usimwache, hakikisha presha imepimwa upya, kuna anayenyamaza sababu ya dawa kali ya maumivu na jicho bado gumu kama jiwe. Jicho likitulia atatobolewa tundu dogo kwa leza kwenye ile sehemu yenye rangi ya jicho, mara nyingi na jicho la pili pia, mueleze mapema kwanini wanagusa jicho lisilouma.