Kulinganisha mavuno ya kambamiti nchi kwa nchi bila kujidanganya

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hakuna anayelinganisha kilo ya dagaa wabichi na kilo ya wakavu, maana kilo 4 za wabichi zikianikwa hubaki karibu 1. Takwimu za kambamiti zina mtego huohuo.

Anza na FishStatJ, programu ya bure ya takwimu za uvuvi ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Takwimu zake zinaanzia 1950, kwa uzito wa kamba mzima. Chagua kundi la 45, ndilo la kambamiti. Kamba wa maji baridi wa jamii ya Macrobrachium wako kundi la 41. Kama mkononi una tarakimu za forodha, zirudishe kwanza kwenye uzito mzima: waliokatwa vichwa gawa kwa 0.65, waliomenywa kwa 0.5 hivi. Tani 1,000 zisizo na vichwa zilitoka majini zikiwa tani 1,538. Tena mauzo ya nje si mavuno. Vietnam hununua kamba wa Ecuador na India, ikawamenya, ikawauza upya. Ukijumlisha mauzo ya nchi zote tatu, kamba mmoja umemhesabu mara mbili.

Kisha tenganisha safu ya waliovuliwa na ya waliofugwa. Kamba wa Ecuador karibu wote ni wa mabwawani, na anguko la 1999–2000 lililetwa na ugonjwa wa madoa meupe. Kwa wa baharini, ulizia marufuku. Tanzania iliposimamisha meli za kukokota nyavu, mstari wa mavuno ulishuka kwa amri, ingawa amri yenyewe ilitokana na kupungua kwa kamba. China nayo itenge kwa spishi, la sivyo uduvi wataipandisha mno.

Chora wastani wa miaka 3. Tarakimu yenye alama ya E ni makadirio. Namba ileile ikijirudia miaka 4 mfululizo, isome kwa mashaka: mara nyingi hakuna aliyepima.

Usishangae Ziwa Victoria kutoonekana. Vikamba vyetu, Caridina nilotica, hunaswa pamoja na dagaa, huanikwa nao na kuandikwa dagaa. Ukivitaka, chota kilo 1 kwenye kila mtumbwi, mitumbwi 10, kabla ya kuanika. Chambua, pima vikamba kwa gramu, tafuta wastani. Rudia siku kadhaa za giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti kitu.