Kuutazama mwezi ukipatwa katikati ya baridi ya Ulaya

Januari 21, 2019, saa kumi na nusu alfajiri, nilisimama kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo letu, kaskazini mwa Uingereza, nikilitazama wingu. Mwezi ulikuwa juu yake, umeshaanza kupatwa, nami sioni kitu. Jirani alitoka, akainua macho, akatikisa kichwa, akarudi kulala. Saa kumi na moja na dakika chache wingu likapasuka. Pale kwenye ufa ukatokea mwezi mwekundu wenye rangi ya chungu kipya cha udongo, ukingo mmoja umebaki mweupe kidogo. Ulikaa dakika sita hivi, kisha wingu likajifunga tena.

Tangu siku ile nimewaambia Waswahili wote ninaokaa nao huku jambo moja: msiingie ndani mapema. Jua likifunikwa lote, dakika chache zimekwisha. Mwezi haupatwi hivyo. Usiku ule kivuli cha dunia kiliufunika mzima kwa saa nzima na dakika mbili, na ukihesabu tangu ulipoanza kumegwa hadi ulipoachiwa, ni zaidi ya saa tatu. Kwa muda wote huo wingu la majira ya baridi haliachi kutembea.

Sasa weka alama kwenye kalenda: tarehe 31 Desemba 2028, mkesha wa mwaka mpya. Mwezi utapatwa wote kwa dakika 71, na uzuri wake ni kwamba sisi wa Ulaya na ndugu zetu wa nyumbani tutautazama kwa wakati mmoja. Uingereza ni kuanzia saa kumi na dakika 16 jioni hadi saa kumi na moja na dakika 28. Ujerumani, Uholanzi, Norwei na Uswidi wako mbele kwa saa moja, na Kigali na Bujumbura mbele kwa saa mbili. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala itakuwa saa moja na dakika 16 usiku hadi saa mbili na dakika 28. Muscat, ongeza saa moja tena. Wa New York na Toronto hawatauona huo. Wao wasubiri tarehe 20 Desemba 2029, kama saa kumi na moja na robo jioni, muda mfupi baada ya jua kuzama. Ulaya huo wa 2029 utakuja usiku, na nyumbani watalazimika kuamka saa saba na robo.

Unapowapigia wazazi, taja saa kwa Kiswahili na uzirudie. Watoto waliokulia huku wakisikia "saa moja" wanafikiria mchana, na nimeona familia ikikosana miadi ya simu kwa hilo tu.

Walio Uingereza wana kazi zaidi kuliko wa Berlin au Stockholm. Mwezi utachomoza karibu sawa na jua kuzama, ukiwa umeshamegwa sehemu kubwa. Dakika chache baadaye utafunikwa wote huku anga bado ina weupe wa magharibi, na mwezi mwekundu kwenye anga jeupe hauonekani kwa urahisi. Wengi watadhani haupo, watarudi nyumbani. Wewe baki hadi saa kumi na moja, giza litakapokuwa limeingia, na uelekee kaskazini-mashariki: mwezi mpevu wa Desemba huchomoza pale jua linapochomoza mwezi wa Juni. Utakuwa chini, usawa wa mapaa, kwa hiyo uwanja uliozungukwa na maghorofa haufai. Nenda mchana ukapachague mahali, uone na njia kama ina barafu, maana gizani huioni hadi imekuangusha.

Sasa mawingu, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa bure. Utabiri wa siku tano kabla usiusumbukie. Uangalie siku moja kabla, na uchague programu inayotenganisha mawingu ya chini, ya kati na ya juu. Idara za hali ya hewa za huku, kama Met Office ya Uingereza na DWD ya Ujerumani, zinatoa utabiri bure, na Yr ya Norwei inatabiri hata kwa miji ya nje ya Norwei. Saa tatu za mwisho acha utabiri, fungua picha za setilaiti. Tazama mawingu yanatoka wapi na yanaenda wapi, kama mvuvi anavyotazama upepo kabla ya kusukuma ngalawa.

Kuna mawingu ya vipande, yanayokuja na manyunyu baada ya mvua kubwa kupita. Hayo ndiyo rafiki yako. Yananyesha, yanafunguka, yananyesha tena. Simama tu.

Kuna utando mwembamba wa juu, na huo ndio unaodanganya. Mwezi mpevu unaupenya vizuri, unaona duara jeupe, unatulia. Lakini ukishafunikwa na kivuli chote mwanga wake unapungua mara maelfu, na utando uleule unaumeza kabisa. Ukiona mwezi umezungukwa na duara la weupe mapema jioni, hama ungali na muda.

Na kuna ukungu wa siku tulivu zisizo na upepo, ule unaokaa bondeni tangu asubuhi hadi usiku. Dawa yake ni kupanda. Kusini mwa Ujerumani na Uswisi, mara nyingi mtu anapanda mlima akiwa ndani ya ukungu, na juu anakuta nyota tupu. Upepo ukitoka magharibi, vuka upande wa pili wa milima: mashariki mwa Pennines, safu ya milima ya kaskazini mwa Uingereza, hupata mvua kidogo kuliko Manchester. Ukiweza kufika pwani ya mashariki ya Uingereza, utapata na bahari wazi upande uleule mwezi unakotokea.

Kuhusu nguo, kusimama si kutembea. Koti linalokutosha kwenda kituo cha basi halitakutosha hapa. Ndani vaa sufu, si pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho inageuka barafu mwilini. Soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana ni kosa, damu haipiti. Baridi kali inapanda kutoka chini, kwa hiyo chukua boksi la katoni, likunjue, usimame juu yake. Mama mmoja wa Tanga nilimwona ametandika mkeka na juu yake blanketi, na wanawe watatu walikaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Chai ya tangawizi kwenye themosi, bila shaka.

Macho hayahitaji kinga yoyote, huu si mwezi wa kuogopwa kama jua. Darubini ya macho mawili inatosha sana. Itoe nje nusu saa kabla ili vioo vizoee baridi, na usiivuzie pumzi. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, betri inakufa haraka kwenye baridi. Ukirudi nyumbani, funga darubini kwenye mfuko wa nailoni kabla hujaingia na uiache humo hadi ipate joto, la sivyo maji yatajaa kwenye vioo.

Waislamu, ulizeni msikiti wenu mapema kama watasimamisha swala ya kupatwa kwa mwezi, maana Uingereza swala ya magharibi itaingia wakati uleule.

Na panga simu ya nyumbani kabla, kwa sababu mkesha wa mwaka mpya mitandao huelemewa. Desemba Dar nako kuna mawingu. Inawezekana wao ndio watakaofunikwa, nawe ukawa wazi kabisa kwenye theluji. Hapo wasimulie polepole: rangi, ukingo upi umeanza kung'aa, nyota zipi zimejitokeza kando yake mwanga ulipopungua.