Uko Mbeya au Iringa na unapenda mambo ya kontroo (kufanya mitambo ijiendeshe na kujirekebisha yenyewe)? Jiunge hivi

Wadau, kama unasoma umeme pale MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya) au ni fundi kiwanda cha chai huko Mufindi na unahangaika na PID (kontrola inayorekebisha yenyewe kitu kama joto libaki pale ulipotaka), usikae peke yako. Kuna IFAC, shirikisho la dunia la mambo ya kontroo, lilianza 1957 kule Paris, sekretarieti iko Laxenburg, Austria. Wanachama wake ni vyama vya nchi ila mtu binafsi anaingia kama afilieti (mshiriki tu) na ni bure kabisa, unajaza fomu kwenye tovuti yao, basi. Ukishamaliza ingia IFAC-PapersOnLine, jarida lao la mtandaoni la pepa za mikutano yao, pepa zote unasoma bure, mi nazishusha usiku nikiwa na bando la usiku.

Usianze na zile za hesabu nzito utakata tamaa bure, anza na za kuseti PID. Mi drayeri (mashine ya kukaushia) ilikuwa inanitesa, joto linapanda linapitiliza halafu linashuka chini ya kiwango, mshale hautulii, nikapunguza geini (ukali wa kontrola kujibu kosa) nusu nikaongeza muda wa intigrali (ili isifute kosa kwa haraka mno), ukatulia kabisa yaani nilifurahi sana siku ile.

IEEE Control Systems Society, chama cha kontroo ndani ya IEEE, shirika la dunia la mainjinia wa umeme, nayo ni nzuri, ila ina ada, mwanafunzi analipa pungufu kwahiyo ingia kabla hujamaliza chuo.