Mti wa ukoo Newala: anzia kwa mama

Ukifika kijijini kwa utafiti wa utamaduni, kazi ya kwanza yenye faida ni kuchora mti wa ukoo. Mwanaanthropolojia W. H. R. Rivers aliitumia njia hii kwenye safari ya utafiti ya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, mwaka 1898, na mpaka leo haijachuja: inakuonyesha nani anarithi, nani haoani na nani, na msibani nani ana la kusema. Ila kwa Wamakonde wa Newala, mkoani Mtwara, kama kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, kwa desturi ukoo hufuata upande wa mama. Ukifungua kwa "baba yako nani?" utatoka na mti safi wa ukoo usio wake.

Hatua ya 1: Kibali na majira. Barua ya kibali ipitie mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, ndipo ifike kijijini. Epuka Oktoba hadi Desemba, watu wanaokota korosho na kusubiri mnada. Msimu wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, kazi hufanyika alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, kwa hiyo nenda baada ya alasiri, mzee akiwa ameshapumzika.

Hatua ya 2: Vifaa. Karatasi ya A4 isiyo na mistari uliyoilaza, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iache, utafuta sana. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari miwili sambamba ni ndoa, mstari wa mshazari juu ya alama ni marehemu.

Hatua ya 3: Tandika mkeka, upange ukoo kwa korosho ghafi na vijiti: korosho ni mwanamke, kijiti ni mwanamume. Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi. Mzee asiyesoma mchoro wako atausoma huu mara moja, na atausogeza mwenyewe: "Hapana, huyu wa tumbo jingine." Tumbo moja ni waliozaliwa na mama mmoja. Uliza kwa mpangilio huu:
– Mama aliyekuzaa ni nani? Tumbo moja na nani?
– Mama yake huyo? Naye tumbo moja na nani?
– Kila mwanamke kati yao alizaa nani, pamoja na waliofariki wadogo?
Wanaume uliza mwisho. Watoto wa mjomba ni wa ukoo wa mama yao, wapange pembeni. Vizazi vitatu vinatosha kikao cha kwanza. Usizidishe dakika 90, uchovu huzaa majina ya kubahatisha.

Tatizo kubwa ni Kiswahili chenyewe. "Mama" anaweza kuwa mama mkubwa au mama mdogo, "kaka" anaweza kuwa mtoto wa mama mkubwa. Kwa kila mtu andika mambo mawili: wewe unamwitaje, na yeye anakuitaje, kwa Kimakonde. Na usimchore kila anayeitwa "njomba" kama kaka wa mama. Mtwara hata mpita njia huitwa hivyo. Mtu akisita kumtaja mkwe au marehemu, weka namba uendelee. Jina utalipata kwa mwingine.

Hatua ya 4: Miaka. Usiulize tarehe. Uliza kama alizaliwa kabla ya uhuru wa 1961, au kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Kwa familia zilizovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza 1964 ni alama nzuri.

Hatua ya 5: Rudia na mtu wa tumbo jingine, bila kumwonyesha mchoro wa kwanza. Wakipishana, usisawazishe, andika matoleo yote mawili na majina ya waliosema. Mara nyingi kinachopishanisha ni mikorosho. Mkorosho huzaa kwa miongo mingi, na baba aliyeupanda hutaka watoto wake waurithi, huku wapwa wakisema ni haki yao. Mtu anayekuondolea dada mmoja kwenye mti huenda anaondoa shamba zima.

Kwa hiyo kabla ya kuchora, muulize mtendaji wa kijiji kama familia hiyo ina shauri la ardhi barazani. Ikiwa lipo, acha, chagua kaya nyingine: karatasi yako itaombwa kama ushahidi. Kwenye mchoro weka namba tu. Orodha ya majina iandike kwenye daftari la pili, na daftari hilo lisilale nyumba moja na mchoro.