Kupanga mirathi ya shamba la miti ili watoto waliendeleze: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mzee akifariki akaacha misindano (paini, miti ya mbao) ya miaka saba au minane, mnunuzi hufika hata matanga hayajaanuliwa. Anajua familia ina madeni ya hospitali na mazishi. Anajua watoto wametawanyika, mmoja Dar, mmoja Mbeya mjini, mmoja Makambako, na kwamba hakuna kati yao anayejua mti unauzwaje. Anataja bei ya shamba zima, miti ikiwa imesimama, na kwa mtu aliyechoshwa na msiba hela hiyo inaonekana nyingi. Mwaka haupiti, imekwisha.

Mimi ni msaidizi wa kisheria na ninakaa na familia za namna hii Mufindi na Kilolo, mkoani Iringa, Tanzania. Wazee wengi huumiza kichwa juu ya nani apate nini. Swali la shamba litaendeshwaje wao wakiwa hawapo huulizwa kwa nadra sana, na ndilo linaloamua kama mali itadumu. Mwongozo huu ni wa kujibu swali hilo ukiwa hai na mwenye nguvu zako.

Hatua ya 1: Orodhesha mali, pamoja na umri wa miti

Nunua kaunta buku. Kila shamba lipate ukurasa wake: lilipo, ekari zake, majirani wa pande nne, ulilipataje, ulipanda mwaka gani, limepogolewa lini, na unakadiria kuvuna lini. Andika pia nafasi ya kupandia. Ekari moja iliyopandwa kwa mita 3 kwa 3 hubeba miti kama 450, hivyo mtoto anayeijua hesabu hiyo hadanganywi kirahisi na mtu aliyekuja kuhesabu kwa macho.

Ongeza hisa za SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) na AMCOS (ushirika wa mazao), akaunti za benki, pesa za kwenye simu, unaowadai na wanaokudai. Namba za siri usiziandike humo.

Fanya kazi hii mkiwa wawili, wewe na mwenzi wako. Mlichochuma pamoja si chako peke yako, na huwezi kukirithisha kana kwamba ni chako.

Hatua ya 2: Tenga hela ya msiba

Ni hatua fupi lakini usiiruke. Weka akiba ambayo familia itaifikia haraka, itakayotosha mazishi, ada za muhula mmoja na vibarua wa msimu mmoja. Akaunti yenye jina lako peke yako hufungwa mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe, kwa hiyo sehemu ya akiba hiyo iwe mahali ambapo mwenzi wako naye ni mwenye akaunti.

Hatua ya 3: Nyoosha karatasi za ardhi

Kwa ardhi ya kijiji, karatasi yako ni Hati ya Haki Miliki ya Kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Kama hati ina majina mawili, uliza ofisi ya kijiji imeandikwaje. Kwenye umiliki wa pamoja, mmoja akifariki anayebaki huchukua ardhi yote. Kwenye umiliki wa hisa, sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Nimekuta wajane waliokaa na hati kabatini miaka mingi bila kujua wako upande upi.

Kabla ya kwenda ofisini, tembea mipaka na watoto wote, wa kike na wa kiume. Waoneshe jiwe, mtaro na mstari wa mikaratusi. Majirani wawepo.

Hatua ya 4: Wakabidhi kazi ungali hai

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mrithi hajifunzi kusimamia mali siku ya kuipokea.

Anza na kipande kidogo, tuseme ekari moja ya miti au ya parachichi, na umkabidhi mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Yeye ndiye atafute vibarua mvua zikikatika, asimamie kufyeka njia za moto (kanda zinazosafishwa ili moto usivuke kuingia shambani) kabla kiangazi hakijakolea, alipe, aandike. Njia ya moto ni mwalimu mzuri kuliko wote: inakula hela kila mwaka, haiingizi hata shilingi, na ukiiacha mwaka mmoja unaweza kupoteza jasho la miaka kumi kwa mchana mmoja. Mtoto aliyewahi kuilipia hela hiyo kwa mkono wake haoni tena shamba kama benki.

Daftari lake liwe na safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kwa nini. Lisomwe mbele ya wote kwenye kikao cha Krismasi, wakati kila mtu yuko nyumbani. Nilikaa na familia moja Kilolo ambako mama alimkabidhi binti yake wa mwisho ekari ya parachichi. Kaka mkubwa akahoji elfu thelathini iliyotoka mwezi wa nane. Binti akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye safu ya nne: samadi, lori nusu, na jina la aliyeiuza. Kaka akaomba kipande chake mwaka uliofuata. Mama hakuwa amesema neno.

Mtoto akishindwa, msimkatae moja kwa moja. Mpeni kazi nyingine. Wapo wasiofaa shambani lakini wana kichwa cha mauzo.

Hatua ya 5: Andika wosia wenye masharti ya uendeshaji

Kwanza jua sheria inayokuhusu. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali kwa wasio warithi. Inayobaki inafuata mafungu ya warithi yaliyopangwa na sheria ya Kiislamu. Wanaofuata mila wanaongozwa na tangazo la sheria za mila la 1963, ambalo humwacha mjane akitegemea kutunzwa na watoto wake. Kama hutaki mkeo aishie hapo, andika wosia. Kimila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wanne. Mrithi asiwe shahidi. Na kama unampunguzia au kumnyima mtu, andika sababu.

Kifungu cha shamba kinaweza kusomeka hivi:

"Shamba la misindano la ekari nane lisigawanywe, wala miti yake isiuzwe, kabla ya mwaka 2036, isipokuwa mama na watoto wote wakikubaliana kwa maandishi. Kila uvunaji, theluthi ya mapato irudi shambani kwa miche na njia za moto. Inayobaki igawanywe sawa. Anayetaka kutoka auze hisa yake kwa ndugu zake kwanza. Hesabu zisomwe kila Desemba."

Weka ukomo wa mwaka kama hapo juu. Kuwafunga watoto milele huzaa kesi.

Hatua ya 6: Chagua msimamizi na mlezi

Msimamizi wa mirathi hukusanya mali, hulipa madeni na kugawa. Mali si yake. Mahakama ya Mwanzo humtaka awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, kisha hesabu, hivyo mtafute mwenye daftari safi na anayefikika, hata kama si kifungua mimba wala baba mdogo mwenye sauti kubwa. Taja na wa akiba.

Kwa watoto walio chini ya miaka 18, mlezi wa mtoto na mtunza fedha wawe watu wawili tofauti.

Hatua ya 7: Hifadhi na pitia upya

RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia kwa hifadhi. Nakala nyingine kaa nayo, na mwambie msimamizi ilipo. Mtoto akizaliwa, shamba likiuzwa, shahidi akifariki au ndoa ikibadilika, andika wosia mpya, utie tarehe, utamke ndani yake kwamba uliotangulia umefutwa, kisha uuondoe ule wa zamani RITA na popote ulipokuwa.